Vifurushi Kutoka kwa Mama

Kila siku baada ya shule, Dama alipanda ngazi za jumba lao pale Ganjoni, mjini Mombasa, akiwa ameushika ufunguo uliofungwa kwa uzi shingoni mwake. Alifungua mlango, akavua viatu, akaita, "Hodi!" Hakuna aliyeitikia, na Dama alijua kuwa hakuna wa kuitikia. Baba yake, Bwana Masha, alikuwa karani katika ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, naye hakurudi mpaka jua lilipozama. Hata hivyo Dama hakuacha kupiga hodi. Kuingia kimya kimya kulimtia ukiwa zaidi.

Mama yake, Priscah, alikuwa muuguzi. Mwanzoni mwa mwaka huo wa 1999 alipata kazi katika hospitali moja huko Uingereza, akafunga safari. Aliahidi kuja nyumbani Krismasi, na kila mwezi aliweka akiba ya tiketi ya ndege katika benki ya huko. Dama, aliyekuwa darasa la sita, hakuwahi kuisubiri Krismasi kama alivyoisubiri hiyo. Nyumbani kwao hakukuwa na simu, kwa hivyo Jumapili moja moja mama alipiga simu kwa jirani wa chini, Bi Sidi. Mazungumzo yalikuwa mafupi sana. Mama aliuliza habari za shule, Dama akasema nzuri, baba akapokezwa simu, na muda ukaisha. Yale aliyokuwa nayo moyoni Dama alipanda nayo ngazi vilevile alivyoshuka nayo.

Jikoni kwao kulikuwa na rafu yenye mikebe minne iliyowahi kuwa ya mafuta ya kupikia. Baba alikuwa ameibandika karatasi: CHAKULA, KARO, UMEME na DAWA. Sheria yake ilikuwa moja, na alikuwa ameirudia mpaka kuta zenyewe zingeweza kuisema: mkebe ukiisha, umeisha. Mkebe wa chakula ulipokuwa mtupu, walikula muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi wakanyamaza. Hakuna aliyeuchungulia mkebe wa karo. Dama alikua akidhani kwamba dunia nzima inaishi hivyo.

Huko Uingereza, mama alijiandikisha katika kampuni moja ya malipo ya mtandaoni. Mambo hayo yalikuwa mageni siku hizo, na wengi mjini walikuwa hawajawahi hata kuigusa kompyuta. Mama aliweka pesa kidogo katika kampuni hiyo, katika kitu kilichoitwa mfuko wa nyumbani. Kisha mtu aliyeko Mombasa aliweza kuketi mbele ya kompyuta, akachagua unga, sukari au sabuni, akaandika neno la siri, na duka la Jaffar la Bondeni likamletea mzigo mpaka mlangoni. Vidole vya Bwana Masha vilikuwa vizito mno kwa kazi hiyo. Alipotafuta herufi moja, chai yake ilipoa. Ndiyo maana neno la siri alipewa Dama.

"Neno hili ni la vitu vya mwisho wa mwezi tu," mama alimwonya kwa simu. "Usilitumie kwa jambo jingine bila kuniuliza mimi au baba yako. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama," Dama alijibu, na siku hiyo alikuwa akisema kweli.

Mzigo wa kwanza uliletwa na mtu mmoja aitwaye Kombe, mfanyakazi wa Jaffar, juu ya baiskeli yenye kengele kubwa. Kombe hakujua kusema kwa sauti ya chini. "Hodi wenyewe! Mzigo kutoka kwa mama!" alinguruma, na watoto wa jumba zima wakatoa vichwa. Juu ya unga na sukari palikuwa na kadi ndogo iliyochapishwa: *Kutoka kwa Priscah. Kwa Dama. Kwa mapenzi.*

Dama aliisoma kadi ile mara nyingi. Aliiweka chini ya mto wake, na jioni hiyo nyumba haikuwa na kimya kile cha siku zote.

Tatizo ni kwamba mwisho wa mwezi mwingine ulikuwa mbali. Siku zilipita polepole, akipiga hodi na kutoitikiwa. Ndipo alasiri moja, badala ya kununua viazi karai kwa pesa zake za mapumziko, Dama aliingia katika duka la kompyuta la Mutunga, hatua chache kutoka shuleni. Alimwamkia Mutunga, akalipia dakika chache, akaagiza mche mmoja wa sabuni. Sabuni nyumbani ilikuwapo tele. Hakuitaka sabuni.

Kesho yake kengele ya baiskeli ililia. "Hodi wenyewe! Mzigo kutoka kwa mama!"

Bi Sidi alitoka nje na upawa mkononi. "Mashallah, mwanangu! Priscah hajakusahau hata kidogo."

"Ndiyo, Bi Sidi," Dama alisema, akatazama chini. Alijua fika kwamba mzigo ule alijiagizia mwenyewe. Lakini jina la mama lilikuwa limeandikwa pale juu, na kwa muda mfupi ilikuwa rahisi kusahau hayo mengine.

Baada ya sabuni kikaja kitana. Baada ya kitana zikaja biskuti, kisha viberiti, kisha sabuni tena. Vifurushi hivyo havikufunguliwa. Dama alivichomoa kadi tu, akavisukuma chini ya kitanda ambako baba hakufika na ufagio. Moyo ulimsuta, lakini alijituliza kwa hesabu aliyoiamini kabisa: pesa za mfuko zikiisha, kompyuta itakataa, kama mkebe. Na kompyuta haikukataa. Kila mara iliandika neno lilelile, *Imelipwa*, na Dama akajua bado zimo. Kompyuta haikusema zimetoka wapi, naye hakuuliza. Hakujua pia kwamba kila mche wa sabuni ulilipiwa pia gharama ya kuuleta, iliyokuwa kubwa kuliko sabuni yenyewe.

Jumapili moja ya Novemba, Bi Sidi aliwaita wateremke, simu ya mama imeingia. Siku hiyo baba ndiye aliyeshika simu kwanza, na uso wake ukabadilika.

"Priscah, nakuambia sijagusa hata senti," alisema. Akasikiliza. "Sasa niape vipi ndipo uniamini? Wataka kusema mimi ni mwongo?" Akasikiliza tena, muda mrefu. "Haya. Kama ndivyo unavyoniona, haya." Akampa Dama simu, akageukia dirishani.

"Mwanangu," sauti ya mama ilikuwa imekauka. "Benki imeniletea taarifa yangu. Pesa za tiketi zimetolewa kidogo kidogo, na zote zimelipwa huko Mombasa. Zilizobaki hazitoshi. Krismasi sitaweza kuja."

Dama aliishika simu kwa mikono miwili. "Lakini mama, pesa za benki si..."

"Pesa za benki si nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Walipanda ngazi, baba mbele. Baba hakula. Alikaa kibarazani akiitazama barabara, mikono juu ya magoti, na hakuwasha hata redio yake aliyoipenda. Dama aliingia chumbani, akalala kifudifudi sakafuni, akaona vifurushi vile chini ya kitanda vimejipanga kimya. Wazo la kwanza lilikuwa kuvitupa. Akivitupa, hakuna atakayejua. Mama hatakuja, baba ataendelea kuitwa mwizi, na yeye atabaki mtoto mzuri. Lakini alimkumbuka baba pale kibarazani.

Alipiga moyo konde, akavikusanya vyote kifuani na kwenda navyo kibarazani. Kiberiti kimoja kilianguka njiani.

"Baba, hukuzichukua wewe zile pesa. Nilizichukua mimi."

Bwana Masha alivitazama vile vitu, kisha akamtazama bintiye. "Nini hivi?"

"Niliagiza. Kwa neno la siri."

"Sabuni zote hizi? Tumekuwa dobi?"

Dama alitaka kucheka, akalia. "Sikuzitaka sabuni, baba. Nilitaka vitu vitoke kwa mama." Akampa zile kadi. Zilikuwa zimekunjika pembe kwa kulaliwa.

Baba alizisoma moja baada ya nyingine, ingawa zote zilisema maneno yaleyale. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Leo mke wangu ameniita mwizi," alisema polepole, "nawe ulisimama pale unasikia. Ukanyamaza."

"Nisamehe, baba."

"Nitakusamehe. Lakini si hapa pa kuyamalizia." Alisimama, akatoa pesa za kulipia simu katika mkebe wa chakula. "Twende chini. Utamwambia mama yako kwa kinywa chako mwenyewe."

Hakuna kazi nzito Dama aliyowahi kuifanya kuliko kuishika ile simu kwa mara ya pili siku hiyo. Alisema yote, ya sabuni na ya kitana, na hata kuhusu vikadi.

"Mpe baba yako," mama alisema mwishowe. Na baba alipoiweka simu sikioni, Dama aliona mabega yake yakishuka. "Yamekwisha, Priscah," alisema kwa upole. "Hata ningekuwa mimi ningedhani hivyohivyo." Kisha akakunja uso. "Lakini hebu nieleze. Mfuko wa nyumbani ukiisha, si umeisha? Benki imeingiaje hapo?"

Hilo mama hakulijua. Benki aliiandika katika kampuni ile kwa ajili ya kuujaza ule mfuko tu, kila anapotaka yeye. Hakuna siku aliyoiambia kampuni ijichotee.

Kesho yake baba aliomba ruhusa kazini, wakaenda na Dama kwa Mutunga. Mutunga alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda kueleza. Alifungua ukurasa wa kampuni, akapekua huku na huku, mpaka akaonyesha kwa kidole.

"Hapa. Vyanzo vya malipo. Cha kwanza mfuko wa nyumbani, cha pili benki. Cha kwanza kikikauka, yanachotwa maji ya cha pili."

"Kiondoe hicho cha pili," alisema baba.

Mutunga alibonyeza. Kompyuta ikajibu kwamba chanzo hicho hakiwezi kuondolewa. Akajaribu kukigeuza kiwe cha mwisho. Kilikuwa cha mwisho tayari. Akajaribu kuifunga akaunti nzima. Ikamtaka aandike namba za benki ambazo mama peke yake ndiye aliyezijua. Kijasho kikaanza kumtoka. Wakaiandikia kampuni barua pepe kulalamika, na jibu likaja papo hapo. Baba akafurahi, akasogeza kiti.

"*Asante kwa kutuandikia,*" Mutunga alisoma. "*Tunathamini maoni yako. Tafadhali soma ukurasa wetu wa msaada.*"

"Amejibu nini, sasa?"

"Si mtu aliyejibu, Bwana Masha. Ni mashine."

"Basi ofisi yao iko wapi, niende nikaonane na mtu?" Bwana Masha alikuwa amezoeana na madirisha ya forodha, alijua kusimama foleni, alijua kumwamkia karani na kumuuliza watoto wake wanaendeleaje, na mwisho karatasi ikapigwa muhuri.

"Hawana dirisha," Mutunga alisema kwa huzuni. "Hii imetengenezwa na watu wanaotaka ununue. Kununua kunabonyezwa mara moja. Kuacha kununua, utatafuta mpaka jioni."

Mwishowe mama ndiye aliyelimaliza jambo hilo. Alikwenda katika benki yake, akaketi mbele ya mtu mwenye masikio, akataka kampuni ile izuiwe kugusa akiba yake. Huko ndiko alikogundua kosa lake mwenyewe. Siku alipojiandikisha, chini kabisa ya ukurasa palikuwa na kisanduku kidogo kilichokwisha kutiwa alama: mfuko ukipungua, benki ilipie. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mazito, akakubali bila kusoma. Kampuni ilisema imefanya alichokubali, na pesa haikurudisha.

Vitu vyenyewe, Dama na baba walivibeba kwa miguu mpaka Bondeni. Dama ndiye aliyezungumza. Jaffar, mzee mwenye ndevu nyeupe, alisikiliza mpaka mwisho, akakipindua kila kifurushi.

"Havijafunguliwa," alisema. "Vitu nitavipokea, mwanangu, na thamani yake nitawarudishia. Lakini ya kuvileta sirudishi. Kombe amezikanyaga kweli zile pedali."

"Na nimepiga kelele kweli," Kombe aliongeza kutoka nyuma ya magunia. Kisha akamtazama Dama kwa huruma. "Mimi nikidhani nakuletea furaha, mtoto we."

"Ulikuwa ukiniletea," Dama alijibu, na hilo nalo lilikuwa kweli.

Shule zilipofungwa, Dama alimwomba Bi Sidi ruhusa ya kumsaidia. Bi Sidi alikuwa akiuza mihogo ya kukaanga pale Mama Ngina, kando ya bahari, jioni, watu wanapotoka kupunga upepo. Dama alimenya, akakata, akanyunyiza chumvi, pilipili na ndimu, mpaka vidole vikamwasha hata akiwa kitandani. Alichopewa alikitia chote katika bahasha ya kuchangia tiketi ya mama. Baba naye aliiuza redio yake bila kusema neno. Uingereza, mama aliongeza zamu.

Lakini Krismasi haikungoja. Ilifika, na mama hakuwapo. Baba alipika pilau ikashika chini, wakala wawili, kila mmoja akijifanya haikuungua. Nje watoto walikuwa wakitembea na nguo mpya. Dama alizikunja kadi zake zote na kuziweka mbali, maana sasa zilimuuma kuzitazama. Alijua kiti kile kilichokuwa kitupu mezani kilikuwa kitupu kwa sababu yake, na hakuna aliyemwambia hivyo.

Mama aliingia siku chache kabla ya shule kufunguliwa, mwezi wa Januari. Kwenye uwanja wa ndege Dama alisahau hata shikamoo. Alimkumbatia kiunoni na kuuficha uso wake katika koti zito lililonuka dawa ya hospitali, na mama akatembea naye vivyo hivyo mpaka nje.

Nyumbani, baada ya chai, mama alimwita wakae jikoni, baba akiwapo. Aliziomba zile kadi. Alizipanga juu ya meza, akazitazama kwa muda, akafuta macho kwa upindo wa leso.

"Hizi zina jina langu," alisema, "lakini mimi sikuziandika. Dama, sikiliza. Ulichukua bila kuuliza, na ulipoulizwa ukaficha. Hayo ni makosa, na yalikaribia kututenganisha mimi na baba yako. Hukujua pesa zinatoka wapi, na asiyejua anachota wapi hana haki ya kuchota. Mimi pia nilikosa, maana niliweka alama yangu mahali nisipopasoma. Lakini ulirudi ukasema kweli kabla hujashikwa, na kwa hilo nimeweza kupanda ndege nikaja."

"Nilikuwa na hamu nawe, mama."

"Sasa kwa nini kila nilipopiga simu uliniambia nzuri?"

Dama alizinyoosha pembe za kadi pale mezani.

"Hamu ikikushika, sema kwa kinywa chako. Usiinunulie sabuni." Mama alicheka kidogo huku machozi yakimtoka. "Neno la hamu halikati pesa katika benki yoyote. Na mimi huko, chumba changu kimya, nalingoja neno hilo kama wewe unavyoningoja."

Baba alisimama, akatoa mkebe wa tano uliooshwa ukang'aa, akaupanga kwenye rafu. Karatasi yake ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa mama: SIMU.

"Huu una sheria yake," alisema. "Ukitaka kumpigia mama, chota. Ruhusa umekwisha kuipata."

Likizo ya mama ilikwisha upesi, akarudi kazini. Siku iliyofuata, Dama alipanda ngazi, akafungua mlango, akavua viatu, akaita, "Hodi!" Hakuna aliyeitikia. Alisimama kidogo, kisha akaenda jikoni, akachota katika mkebe wa tano, akateremka kwa Bi Sidi.

"Dama? Kuna nini, mwanangu? Kuna shida?" sauti ya mama iliingia kwa wasiwasi.

"Hakuna shida, mama. Nina hamu nawe tu."

Upande wa pili mama alivuta pumzi. "Kata simu," alisema. "Nakupigia mimi sasa hivi."

Dama aliiweka simu chini, akaketi kando yake mikono mapajani. Haikuchukua muda ikalia.